Fundi wa Krepi ya Kibenga

Ukiuliza mtaani kwetu Kibenga kuhusu fundi aliyepiga plasta nyumba yangu, utajibiwa upesi: ni yule ambaye krepi yake ilianguka. Krepi ndiyo hiyo plasta ya nje, sisi wa Bujumbura tunaiita kwa Kifaransa kilichochoka. Watakuonyesha hata mahali ilipoangukia, karibu na kigoda cha mama yangu, na watakuhesabia hatua. Hawatakuambia kwamba ukuta huo leo hauna ufa hata mmoja. Wala hawatakuambia kilichoiangusha, kwa sababu hawakijui. Mimi nakijua, na nimekaa nacho miaka mingi kuliko inavyofaa.

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake sikuuliza. Alikuwa mtu wa mtaa wa Buyenzi, Mwislamu, mmoja wa wale ambao ukiwauliza kwao ni wapi wanakuonyesha barabara iliyo mbele yako na kusema hapa. Mimi nilimwita fundi, mama yangu alimwita fundi, na yeye aliniita mwalimu tangu siku aliponiona nikisahihisha madaftari juu ya rundo la matofali. Sasa binti yake amemchukua Rumonge akae naye. Nina hamu ya kumwona. Nikisikia harufu ya saruji mbichi popote, nasimama barabarani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Namkumbuka kwanza kwa kifundo cha kidole chake cha kati. Kilikuwa kimeota sugu, kigumu kuliko vingine, kwa sababu alikuwa akigonga nacho kuta. Akifika asubuhi hakusalimu watu mpaka asalimu ukuta. Alianza pembeni, akagonga mara tatu, akasikiliza, akasogea hatua, akagonga tena, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia. Plasta iliyoshikana na tofali ina sauti fupi, nzito. Iliyoachana na tofali ina mwangwi, hata kama kwa macho ni nzuri kama sahani. Alipousikia mwangwi huo alitoa kipande cha chaki mfukoni, akachora duara, akaendelea. Baada ya hapo ndipo aligeuka na kusema, "Salama, mwalimu? Mama ameamukaje?"

Hata mchanga aliusikiliza. Lori la kwanza lilipokuja alichukua gao moja, akalileta karibu na sikio, akalisugua kwenye kiganja. Dereva alitazama saa yake. Fundi akasugua gao la pili kutoka upande mwingine wa lori, kisha akatikisa kichwa.

"Apana. Urudishe."

"Muzee, nirudishe juu ya nini? Muchanga ni muchanga!"

"Muchanga muzuri inalia. Hii inanyamaza. Iko na udongo ndani."

"Tangu lini muchanga inasikilizwa?"

"Tangu nilianza kubomoa krepi za watu wenye hawakuisikiliza," alisema fundi, na dereva akacheka, na mimi peke yangu nikabaki na hasira, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nimelipigania lori hilo wiki nzima. Lilirudi na mchanga wake. Lililofuata lilikuja baada ya siku nne, na mchanga ule ulilia kweli, nilijaribu mwenyewe alipokuwa haniangalii.

Kila mgeni aliyekuja kwenye ujenzi wetu, akiona nyufa zozote, alinirushia methali ileile, usipoziba ufa utajenga ukuta. Naifundisha darasani kila mwaka, naijua. Fundi ndiye mtu wa pekee niliyemsikia akiikataa.

"Mwenye kusema vile hakushika mwiko ya krepi," aliniambia. "Ufa haizibwaka, mwalimu. Ufa inafunguliwa kwanza. Unaipanua mpaka unaona tofali, unatoa mavumbi yote, unainywesha maji, kisha ndio unafunga. Ukiziba juu juu, umeificha. Itarudi, na itarudi na ndugu zake."

Na kuhusu kunywesha, Mungu atusamehe. Mwaka ule maji ya bomba Kibenga yalikuwa yakija kama mgeni wa heshima, kwa taarifa na kwa muda mfupi. Watu walipanga vidumu. Fundi alimwagia ukuta maji asubuhi na jioni, kabla ya kupiga plasta na baada ya kupiga, siku saba, siku nane. Jirani yetu wa mkono wa kulia, mama mwenye sauti ya kuita mifugo, alikuja kusimama getini na kidumu kitupu.

"We fundi! Unanywesha ukuta na watu hawana maji ya kunawa uso?"

"Mama, watu wanaweza kuomba. Ukuta haiombaka."

Kisha akamjazia kidumu chake kutoka kwenye pipa letu, na kazi ya siku hiyo ikaisha saa nane kwa kukosa maji. Alikuwa hivyo. Alinieleza mara nyingi kwamba tofali letu la kuchoma, likikaa juani, lina kiu, na ukilipaka plasta likiwa na kiu litaifyonza maji yote mpaka plasta ife kabla haijakauka. "Mutu akitoka safari na kiu, unamupa kwanza mukate?" Nilijibu kwamba simpi. "Bon," alisema, na akarudi kwenye ndoo zake.

Lakini msidhani nawachorea malaika. Mtu huyu aliyekuwa na subira ya ajabu kwa ukuta hakuwa nayo kwa kitu kingine chochote. Alikula kama anayefukuzwa. Sahani ya maharagwe na ubugali aliimaliza kabla mama hajafunga sala ya chakula, na hapo tulikuwa tumeanza pamoja, yeye kwa bismillahi yake na sisi kwa ishara ya msalaba. Alidanganya kuhusu muda bila haya. Nikimpigia simu alisema, "Niko hapa, nafika," na nyuma ya sauti yake nasikia nyundo za magereji ya Buyenzi zikigonga chuma. Alidharau rangi za ukuta, alisema ni uongo wa mwisho wa nyumba, lakini mashati yake mwenyewe yalikuwa ya manjano na ya machungwa, ya kukuumiza macho saa sita mchana. Aliwagombeza wasaidizi wake wawili, watu wazima wenye wake na watoto, kwa maneno ambayo sitayaandika, na baada ya dakika tano anawagawia karanga. Na alikuwa na majivuno. Tukipita pamoja mbele ya nyumba aliyoipiga plasta zamani, alikatiza mazungumzo, akavuka barabara, akaigonga mara tatu, akarudi ametulia.

Sasa niseme habari ya mama, kwa sababu bila yeye fundi huyu angekuwa fundi tu.

Mama yangu alipanga vyumba Kamenge maisha yake yote ya utu uzima. Alitulea huko, mimi binti yake na kaka yangu ambaye sasa yuko Ubelgiji. Katika vyumba hivyo vyote, wenye nyumba walikataza jambo moja, kugongea msumari ukutani. Picha ya harusi yake na baba ilikaa ndani ya sanduku, imefungwa kitenge, ikitoka siku za Krismasi tu kusimamishwa juu ya meza. Alikuwa na ndoto ya nyumba, lakini ukimsikiliza vizuri, ndoto yenyewe ilikuwa msumari. "Siku moja nitagonga musumari mahali nataka, bila kuomba mutu," alisema.

Nilipopata kiwanja Kibenga, tukaanza kujenga mimi na kaka. Nyumba ilipofika kwenye bati, mama akaanza kuchoka. Daktari aliniita koridoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba moyo wake umedhoofika, nisipange mambo ya mbali. Sikumwambia mama, wala kaka. Nilirudi kwenye ujenzi na kumwambia fundi, sijui kwa nini yeye, labda kwa sababu alikuwa wa kwanza kukutana naye.

Aliweka mwiko chini. "Pole, mwalimu." Halafu akasema, "Krepi itamaliza kwa wakati yake. Lakini mi nitakuja mapema."

Na kweli siku zile alikuja mapema.

Sisi Warundi nyumba haiingiwi kimya. Kuna gutaha inzu, siku ya kuingia, na ndugu wanakuja na vinywaji, na wazee wanatoa hotuba ndefu, na padri anabariki, na asiyealikwa hatakusamehe. Niliipanga siku hiyo mapema, Jumapili, padri akakubali, mama akaanza kuihesabu. Fundi akamaliza tabaka la mwisho wiki mbili kabla. Siku hiyohiyo alinichukua tukaizunguka nyumba, na pale chini, upande wa ziwa, ambako ardhi yetu ina unyevu muda wote, akasimama.

"Mwalimu, sikiliza muzuri. Juu unaweza kupaka chokaa. Chini hapa, usipake kitu. Miezi tatu. Hasa rangi ya mafuta, apana kabisa. Maji iko ndani bado, na ingine inatoka chini. Inatafuta njia ya kutokea. Ukiifunga njia, itabomoa."

Nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo kama wanafunzi wangu wanavyosema ndiyo.

Alipozungumzia rangi ya mafuta alikuwa na maana ya ule mkanda. Kila nyumba ya heshima mjini kwetu huvaa mkanda chini, kimo cha kiuno, wa kahawia au kijivu, unang'aa, ili tope la mvua likirukia lisionekane. Nyumba bila mkanda siku ya kuingiwa ni bwana harusi peku. Fundi alipata msiba Rumonge, dada yake alifariki, akaenda kuzika na kukaa matanga. Nikabaki na nyumba ya kijivu isiyo na mkanda, na Jumapili inakuja, na mama ananiuliza kila jioni, "Wamepaka?" Kaka anapiga simu ya video kutoka Ubelgiji, "Hebu nionyeshe. Mbona bado iko kama shantie, kama haijaisha kujengwa?" Usiku silali, nahesabu pumzi za mama kwenye chumba cha pili. Nikajiambia miezi mitatu ni ya watu wenye miezi. Siku ya Alhamisi niliita wapaka rangi, nikasimama juu yao mwenyewe, wakapaka mkanda wa kahawia nyumba nzima, tabaka mbili.

Fundi alirudi Jumamosi. Alikuja moja kwa moja kutoka safarini, na begi lake mkononi. Alifika kwenye ukuta wa upande wa ziwa, akatazama mkanda kwa muda mrefu, akaugusa kwa ncha ya kidole, akanusa kidole. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na maneno yangu yote tayari.

"Sawa," alisema.

Hakunywa hata chai. Sawa ile sijaisahau.

Jumapili ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Mama alivaa vitenge vyake vya sherehe, akakaa mbele, akasikiliza hotuba zote. Fundi alikuja, amevaa shati la manjano, akanywa Fanta mbili, akapigiwa makofi. Mama alimpa nyundo ili amgongee msumari mbele ya watu. Alikataa kwa upole, akamwambia ukuta bado mbichi, asubiri kidogo, yeye mwenyewe atakuja kuugonga. Mama akaridhika. Picha ikarudi kwenye sanduku.

Mvua zilipoanza, rangi ikaanza kuvimba. Mwanzoni malengelenge madogo, niliyaponda kwa kidole nikiwa napita. Kisha mchana mmoja, mama akiwa amekaa nje kwenye kigoda chake anachambua maharagwe, bamba zima la plasta, kubwa kama mlango, liliachia ukuta likaanguka hatua nne kutoka alipokaa. Halikumgusa. Lakini alipiga kelele, na jirani wa mkono wa kulia akaja, na wa kushoto, na waliokuwa wanapita barabarani. Nilipofika kutoka shule, uwanja ulikuwa umejaa watu na kaka yuko kwenye simu ya jirani anafoka.

"Mulete huyo fundi! Ajieleze! Angeua mama!"

Fundi aliletwa. Watu walimfungulia njia. Alichuchumaa, akaokota kipande, akakigeuza. Nyuma kilikuwa kimeloa kabisa, na mbele rangi ya kahawia ilikuwa inavutika kama ngozi ya maziwa. Yeyote anayejua kazi angesoma pale pale kilichotokea. Aliinua macho akanitazama. Nilikuwa nimeshika simu ya jirani, uso wa kaka ukiwa ndani yake, na nilingoja aniseme.

Mama akamuuliza, "Fundi, sasa hii kosa ni ya nani?"

"Ya mukono yangu, mama," alisema. "Niliharakisha."

Watu walisema maneno yao. Jirani akapiga makofi ya mshangao, mikono juu ya kichwa. Mimi sikusema kitu. Nataka ieleweke kwamba nilikuwa na nafasi. Kulikuwa na kimya kidogo baada ya maneno yake, cha kutosha sentensi moja, na mimi ni mwalimu wa lugha.

Nilimsindikiza mpaka getini. Nikamuuliza kwa nini.

"Mama yako akijua ulikimbiza nyumba sababu ya kifo chake," alisema bila kugeuka, "atalala namna gani mule ndani?"

Kesho yake alirudi na wasaidizi wake. Walibandua ule mkanda wote, wakatoa plasta ya chini kuzunguka nyumba nzima mpaka kwenye tofali, na akaiacha wazi wiki kadhaa ipumue, nyumba imebaki nusu uchi, watu wanapita wanacheka. Kisha akaanza upya, polepole, kipande kwa kipande. Kazi ile ilichukua miezi. Na hiyo miezi ndiyo ninayoililia.

Kwa sababu mama alihamishia kigoda chake karibu naye. Kutwa nzima walikuwa wakizungumza, yeye anachambua maharagwe, fundi anarusha saruji. Walizungumza habari za watu niliokuwa siwajui, masoko yaliyohama, nyimbo za harusi, bei ya kitenge enzi hizo, mapishi ya mukeke, samaki wa ziwa letu. Walibishana kuhusu dini bila kukasirika. Mama alimwita "mwenye nyumba", akimtania, "Mwenye nyumba, njoo ule." Na alimpakulia yeye kwanza. Kabla yangu, kabla ya mgeni, hata siku padri alipotutembelea. Kichwa cha samaki, ambacho tangu utoto wangu kilikuwa changu, kilienda kwa fundi. Niliona wivu, nacheka sasa lakini niliona wivu kabisa, nikadhani uzee umemsahaulisha mama desturi. Yeye alikula kwa dakika mbili, akasema alhamdulillahi, akarudi ukutani.

Miezi ilipotimia aliugonga ukuta wote, kona hadi kona, na hakutoa chaki mfukoni. Kisha aliingia sebuleni, akamwomba mama nyundo, akamwambia aonyeshe mahali. Mama aliweka kidole. Fundi akashika msumari, mama akagonga mwenyewe, mara tatu, kwa nguvu niliyokuwa sijaiona kwake kwa mwaka mzima. Picha ingali pale.

Mama aliishi karibu miaka miwili ndani ya nyumba yake. Daktari wa koridoni alikosea, na sijawahi kufurahia kosa la mtu namna ile.

Lakini fundi alilipa. Nyumba mbili za mtaani kwetu zilizokuwa zimemuahidi kazi zilichukua mafundi wengine. Mtaa wa Mutanga Nord, alikokuwa anajulikana tangu zamani, habari ilifika kabla yeye hajafika. Na Buyenzi, ambako utani ni chakula cha jioni, walimbandika jina, Fundi wa Krepi ya Kibenga. Nilisikia kwa watu kwamba aliliitikia. Kazi zikapungua, halafu miguu ikachoka, halafu akakaa nyumbani.

Wiki yake ya mwisho, mama aliniita kitandani akaniambia nifunge mlango.

"Mwana wanje, mwana wangu," alisema, "siku ile ya kutaha inzu, nilisikia harufu ya rangi mpya. Na fundi alikuwa Rumonge, kwa msiba, na ile krepi ilianguka ilikuwa imeloa nyuma ya rangi. Unadhani mi niko mujinga?"

Nikaanza kunyoosha shuka lake.

"Usimwache yule mutu na mzigo yako. Alishutumiwa mbele za watu. Umutoe mbele za watu."

Niliahidi. Tukamzika. Na ahadi hiyo nikaikalia miaka minne. Kila likizo ya shule nilisema likizo hii, na kila likizo nikapata sababu. Aibu ina kalenda yake. Nilichokifanya tu ni kugonga ukuta. Kila Jumamosi, baada ya kufagia, niligonga kwa kifundo cha kidole cha kati, upande wa ziwa, kona hadi kona, na sauti ilikuwa fupi na nzito, na nilimkumbuka yeye na mama kwa pamoja mpaka nikawa siwezi kuwatenganisha.

Kiangazi kilichopita nikaenda. Nilisikia kwamba binti yake atamchukua Rumonge, nikajua nikichelewa tena nimechelewa moja kwa moja. Nilikwenda Buyenzi mchana, siku ya kazi, nikiwa nimejipangia kila kitu. Ningemkuta peke yake chumbani, ningeongea kwa sauti ya chini, ningelia kidogo, angenisamehe, ningeondoka kabla ya alasiri. Ile sehemu ya mbele za watu nilikuwa nimejisamehe mwenyewe. Niliona inatosha akijua kwamba mama alijua.

Nilimkuta uani. Ua lao ni la familia nyingi. Wanawake watatu walikuwa wakiosha vyombo, mafundi magari wawili walikuwa wameinamia giaboksi kwenye turubai, na mzee mmoja wa rika lake alikuwa amekaa naye kwenye benchi, anakunywa kahawa. Fundi alikuwa amekonda. Shati lilikuwa la machungwa. Aliniona akafurahi, uso wote, akanyoosha mikono miwili.

Nikakaa karibu yake, nikaanza kwa sauti yangu ya chini. Alinitazama mdomo, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Eeh?"

Mmoja wa wale wanawake akageuka. "Upige kelele, mama. Masikio yake imekufa mwaka huu. Yote mbili."

Nilitazama kile kidole chake. Sugu ilikuwa bado ipo. Yeye akaona ninapotazama, akacheka, akainua mabega.

Nikajaribu tena, juu kidogo. Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena. Yule mzee wa benchi akasema, kwa wema tu, "Unataka kumwambia nini? Huyu ndiye Krepi ya Kibenga, anasikiaka tu vitu vikianguka," na ua zima likacheka, na fundi, ambaye hakusikia, akacheka pamoja nao kwa kuwa aliwaona wanacheka.

Hapo nikasimama. Nikapiga kelele kama ninavyopiga darasani siku ya mvua kwenye bati.

"Krepi haikuanguka kwa kosa yako! Ni mi nilipakisha rangi! We ulikuwa Rumonge, kwa msiba! We ulinikataza, nikapakisha kwa nguvu!"

Vyombo vilinyamaza. Mafundi magari waliinua vichwa. Yule mzee wa benchi alishusha kikombe chake akakitazama ndani. Fundi aliwaangalia mmoja mmoja, taratibu, kutoka pembe moja ya ua mpaka nyingine, kama alivyokuwa akizunguka nyumba. Kisha akanirudishia kiganja nyuma ya sikio.

"Sikusikia muzuri, mwalimu. Sema tena."

Alikuwa amesikia. Niliona pembeni ya mdomo wake. Lakini nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na safari hii nikawageukia wao, nikaeleza yote, mkanda, wiki mbili, mama aliyekuwa mgonjwa, kimya changu nikiwa na simu mkononi. Mtu wa nyumba ya pili alitokeza kichwa juu ya ukuta kusikiliza. Nililia, na sikulia kidogo.

Nikamaliza. Yule mzee wa benchi alisogea, akanipisha nikae katikati yao, akamwaga kahawa kutoka birika, akampa fundi kwa mikono miwili.

Fundi akanywa kwa mkupuo mmoja. "Na ule ukuta ya upande wa ziwa?"

"Inashika!"

"Unaigongaka?"

"Kila Jumamosi!"

Akaridhika. Akakaa. Kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba miaka yote, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake, kwa hiyo ua lote lilisikia pia.

"Na mama? Alikufa hajui?"

"Alijua!" nilipiga kelele. "Tangu siku ya kwanza! Alisikia harufu!"

Alibaki na kikombe kitupu mkononi. Midomo yake ilianza kucheka, macho yakakataa, na kwa muda uso wake haukujua ufuate nini.

"Miezi yote ile," alisema, "nilikuwa nadanganya mutu mwenye anajua." Akafuta macho kwa mkono wa lile shati la machungwa. "Ndio maana alikuwa ananipakulia mi mbele, na we nyuma."

Nilimwambia ndiyo, ndiyo maana, na ilibidi niseme kwa nguvu.